Salamu Zimekwisha, Shangazi

Chumba cha Wauguzi,
Wodi ya Upasuaji ya Wanaume,
Jumapili, tarehe 14, baada ya zamu ya asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeiitikia huku umebana pini midomoni. Hujambo? Nyumba nzima haijambo? Binamu yangu Kinanda hajambo, bado anaimba akiosha vyombo mpaka majirani wanafunga madirisha? Na cherehani yako, ile yenye kanyagio linalolia, nayo haijambo?

Sisi huku hatujambo. Baba, kaka yako, hajambo. Mama hajambo. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako.

Shangazi, hebu yasome tena hayo maneno ya mwisho. Hofu ni kwako. Wewe ndiye uliyenifundisha kuyaandika nilipokuwa darasa la tatu, ukaniambia barua isiyo na maneno hayo ni shati lisilo na kola. Nimeyaandika miaka yote hii bila hofu yoyote, kwa mazoea. Safari hii hofu ninayo. Barua yako nimeisoma mara nne, na mambo uliyoyaandika juu ya afya yako yananikosesha raha. Nitayafikia. Ila kwanza nikusimulie habari za kazi, maana nikikuuliza moja kwa moja utacheka na kusema, "Maswali ameanza tena," kisha utaiweka barua chini ya kitambaa cha mteja na yatakuwa yameishia hapo.

Kazi nimeanza, na hii ni wiki ya tano kati ya nane za kuelekezwa. Najua unashangaa, kwa sababu hata mimi nilidhani mtu akimaliza chuo na kupewa cheti anaingia wodini na kuanza kuuguza. Kumbe wapi! Wiki ya kwanza nzima hatukugusa mgonjwa hata mmoja. Tulifundishwa kunawa mikono. Miaka mitatu ya chuo, halafu mtu mzima mwenzako anakusimamisha mbele ya sinki na kukuonyesha namna ya kusugua kidole gumba! Tulipakwa mafuta fulani mikononi, tukanawa kwa madaha, kisha wakazima taa na kutumulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Kila sehemu iliyobaki na mafuta iling'aa. Kidole gumba changu kiling'aa kuliko cha mtu yeyote mle chumbani. Nilitamani kukitia mfukoni.

Wapya tuko sita. Kila mmoja amebandikwa utepe wa njano begani, ili watu wote wajue kwamba huyu haruhusiwi kutoa dawa peke yake wala kusaini fomu peke yake. Wagonjwa wametupa jina la Ndizi. Jana mzee mmoja aliyevunjika nyonga aliniangalia nikitengeneza kitanda cha jirani yake, akaniuliza kwa sauti ya wodi nzima kusikia, "Wewe ndizi, umeiva au bado tukufunike?" Nilicheka mpaka shuka likaniponyoka.

Kuna mwenzetu mmoja tunamwita Kamusi. Kijana anajua kila kitu kilichoandikwa. Ukimwuliza mifupa ya mguu anakutajia yote bila kuvuta pumzi. Lakini siku ya kwanza alipoambiwa ainue kitanda mgonjwa apate kukaa na kunywa chai, alikanyaga pedali isiyo yenyewe, kichwa cha mgonjwa kikashuka, miguu ikapanda, na mgonjwa akabaki ameshika kikombe juu, anauliza kwa heshima zote kama chai siku hizi inanywewa hivyo. Hakuna kitabu kinachosema pedali ipi ni ipi. Haya ndiyo tunayofundishwa sasa: pedali, kabati la bandeji liko wapi, gurudumu lipi la kitoroli linakwama, na jinsi ya kumwamsha daktari kwenye simu na kumweleza shida kwa sentensi tatu.

Kila mpya amepewa mlezi wake. Wangu ni mama wa makamo, wodi nzima inamwita Sista Miwani, kwa sababu ana miwani mbili: ya kusomea huning'inia kifuani, ya kuonea mbali hukaa kichwani, na kila mara anatafuta mojawapo. Haongei sana, anatembea taratibu, lakini kengele ikilia yeye ndiye utakayemkuta pale kitandani wakati wewe bado unakimbia. Namwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja, jinsi nilivyokuwa nakuogopa wewe ukishika mkasi.

Sasa Shangazi, unanijua. Siku ya kwanza wodini nilimwuliza maswali. Kwa nini anashika miguu ya mgonjwa kabla ya kumpima kitu chochote? Kwa nini anahesabu matone ya maji ya mshipani kwa saa ya mkononi na ya ukutani ipo? Kwa nini mito inawekwa mdomo wa foronya ukielekea mbali na mlango? Nilipofika swali la kumi na saba alivua miwani zote mbili, akasema, "Binti, kuanzia kesho una maswali matatu kwa siku. Mengine andika." Basi nikawekewa mgao wa maswali! Baba alipolisikia hilo alipiga meza kwa furaha, akasema amemtafuta mtu huyo miaka ishirini na mitatu.

Lakini mgao huo umenifaa. Ukiwa na maswali matatu unayachagua. Nayaandika yote kwenye daftari dogo, nikifika jioni naona mengi nimeshayajibu mwenyewe kwa kuangalia. Miguu, kwa mfano. Damu ikianza kwenda kombo mwilini, miguu hupoa mapema kabla hata mgonjwa hajajua. Hilo nililigundua kwa mikono yangu nikajivuna kutwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wiki ya tatu nilikabidhiwa kitanda namba sita. Ni mzee fundi viatu, alifanyiwa upasuaji wa ngiri siku iliyotangulia. Mzee mpole, ana vidole vigumu vya kazi, na viatu vyake amevipanga chini ya kitanda vikitazama mlangoni. Asubuhi nikaenda kumwona. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." "Habari za kuamka?" "Nzuri tu." "Maumivu je?" "Aah, ya kawaida tu." "Kidonda?" "Kinavuta kidogo tu." Nikampima joto, nikampima presha, iko juu kidogo, nikasema ni wasiwasi wa hospitali. Nikaandika kwenye chati kwa mwandiko wangu mzuri: Ameamka salama, hana malalamiko.

Sista Miwani akaja kukagua ili atie saini. Akasoma. Akamtazama mzee. Akamsalimia vizuri, tena salamu ndefu kuliko yangu: nyumbani, watoto, kazi, hata wateja wa viatu akawaulizia. Mzee akajibu nzuri, nzuri, nzuri tu. Kisha Sista Miwani akavuta pazia, akavuta na kiti, akakaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mzee, akasema, "Haya baba, salamu zimekwisha. Sasa nakuuliza. Tangu utoke chumba cha upasuaji, umekwenda haja ndogo mara ngapi?"

Mzee akageukia ukuta. Akasema, "Bado sijafanikiwa."

Tangu jana mchana, Shangazi! Sista Miwani aliweka kiganja chini ya kitovu chake, akanishika mkono na kuuweka pale pale. Tumbo lilikuwa gumu na limejaa. Mzee alikuwa ameuma shuka. Alikuwa amelala pale usiku kucha na mateso hayo, na mimi nimesimama mbele yake na kalamu naandika hana malalamiko.

Sista Miwani alimpigia daktari kisha akamwita muuguzi wa kiume kutoka wodi ya pili, maana aliona mzee anavyoona haya, na mpira wa mkojo ukawekwa. Ulitoka zaidi ya lita moja. Mzee alilia. Alinishika mkono akaniomba radhi, eti amenisumbua. Yeye aniombe radhi mimi! Akasema, "Umeniita baba, mwanangu. Ningeanzaje kukuambia mambo ya mkojo?"

Nilikwenda stoo ya mashuka nikasimama kati ya blanketi, nikalia. Sista Miwani alinifuata. Nilidhani atanifokea. Akaniuliza nilimwuliza mzee nini, nikamwambia. Akasema, "Ulichoandika kwenye chati ni salamu. Mgonjwa hujamwandika bado." Kisha akanieleza, polepole, kwamba sisi tukiulizwa habari hujibu nzuri. Tunaweza kuwa tumelala kwenye machela tukajibu nzuri. Hiyo ni adabu, si jibu, na usiikate, maana mtu usiyemsalimia hatakwambia kitu. Ila uimalize, halafu umwambie waziwazi kwamba imekwisha, ili apate ruhusa ya kuumwa. "Na uisikilize tu," akasema. Nikauliza, nisikilize tu? Akasema, "Hapana. Sikiliza neno tu. Mtu mzima akisema nzuri, huenda ni nzuri. Akisema nzuri tu, vuta kiti."

Basi tangu siku hiyo sina amani, Shangazi. Naisikia tu kila mahali! Kijana wa kitanda cha pili anasema ameteleza tu, kumbe ni mara ya tatu anaanguka mwezi huu. Kamusi anasema amechoka tu, kumbe hajala tangu jana kwa hofu ya mtihani wa dawa. Nikamvutia kiti baba nyumbani. Nilimsalimia akajibu nzuri tu, nikamwambia salamu zimekwisha, akaniangalia kana kwamba nimeota pembe. Lakini alipoona sibanduki, likatoka goti. Miezi miwili ameshindwa kupiga goti na hasemi! Mama alikuwa jikoni akasikia, ikawa kesi nyingine. Kaka yako sasa ananikwepa sebuleni.

Na nikiwa mkweli, nami nilikuwa na yangu. Kila mlipouliza kazi inakwendaje nilijibu nzuri tu. Shangazi, baada ya yule mzee nilitaka kuacha. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaikunja, nikatembea nayo siku tatu mfukoni mwa sare. Nilihisi mikono yangu haifai kukaribia mtu. Sikumwambia mama, sikukwambia wewe. Niliichana siku mzee alipotoka hospitalini, alipokuja kwenye meza ya wauguzi amevaa viatu vyake, vimeng'arishwa, akaniambia, "Ndizi, leo nimekwenda mara nne." Wauguzi wote walipiga makofi. Nadhani hakuna mahali pengine duniani mtu hupigiwa makofi kwa jambo hilo.

Sasa sare. Asante kwa sare mpya, imenikaa sawasawa, na mifuko mirefu kama nilivyoomba. Nilikuwa nimeivaa siku mbili Sista Miwani alipovaa miwani yake ya kusomea akatazama mfuko wa kushoto. Akasema, kwa utani, "Fundi wako alikuwa na haraka." Nilipandwa na hasira, nikajibu kwamba shangazi yangu hajawahi kuwa na haraka na nguo tangu azaliwe, kwamba aliwahi kufumua suti nzima ya bwana harusi kwa ajili ya nusu sentimita. Halafu nikaangalia chini. Shangazi, mshono wa mfuko ule unakwenda upande. Unaanza vizuri, unayumba katikati, unarudi. Na ndani ya pindo kuna alama ndogo ya kahawia. Nimefua damu za watu wiki nne sasa, naijua ikikauka inavyokuwa.

Nilipofika nyumbani nikaitoa barua yako. Nikachukua penseli. Naomba usinikasirikie. Nilipigia mstari kila tu.

Umeandika: Mimi sijambo, ni uchovu tu. Umeandika: Siku hizi nina kiu tu, jagi linakaa pembeni ya cherehani. Umeandika: Macho ni ya uzee tu, Kinanda ndiye ananitungia uzi. Umeandika: Kile kidole gumba bado, lakini ni kidonda kidogo tu. Tu nne kwenye ukurasa mmoja. Nikafungua boksi la barua zako za nyuma kutafuta kidole kilianza lini. Ulijidunga sindano wiki niliyofanya mtihani wa mwisho. Hiyo ni miezi mitatu iliyopita, Shangazi.

Alhamisi nilitumia swali langu la tatu. Nikamwuliza Sista Miwani: mtu mwenye kidonda cha sindano kisichopona miezi mitatu, ana kiu, amechoka, macho yanafifia, ungempima nini? Alivua miwani zote mbili. Akasema, "Sukari. Na si wiki ijayo." Kisha akaniuliza ni wa kitanda gani. Nikamwambia hayumo kwenye chati yetu. Alinitazama, akatazama mfuko wangu wa kushoto. Alinisaidia kutandika vitanda viwili ambavyo havikuwa vyake.

Sisemi kwamba unaumwa. Mimi bado ni ndizi, nina wiki tatu za kufunikwa. Huenda ikawa ni uchovu kweli, na ikiwa hivyo nitakubali unicheke mpaka mwakani. Lakini najua pia kwamba sukari ikijulikana mapema mtu anaishi nayo vizuri, anashona, anagomba, anacheza harusini. Wanaotuumiza moyo wodini kwetu ni wale waliokuja na kidole kidogo baada ya mwaka mzima wa kusema kidogo tu. Nimewaona wawili. Sitaki kukuandikia walikatwa nini.

Haya Shangazi. Salamu zimekwisha. Nimevuta kiti.

Maswali yangu matatu ya leo sikuyatumia wodini, nimekuwekea wewe. La kwanza: usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Nitajie namba. La pili: ukikibonyeza kidole gumba kile, unasikia maumivu, au husikii kitu? La tatu: ni siku gani ya wiki hii unakwenda kupima? Nitajie siku yenyewe. Usiniambie una nguo za watu. Nguo za watu zimengoja suti ya bwana harusi, zitangoja na hili. Nenda asubuhi kabla ya kula, uwaambie yale manne uliyoniandikia mimi, lakini ile tu uiache nyumbani.

Wanachukua tone moja la damu kwenye ncha ya kidole. Wewe umejidunga maisha yako yote kwa ajili ya nguo zetu. Ni tone moja tu, Shangazi, na katika barua hii nzima hii ndiyo tu ya kweli.

Baba anakusalimu sana, anasema usinipe nafasi nikija likizo, nitakukagua miguu. Mama anakusalimu na ameniambia nikuandikie kwamba naye ana hofu, si salamu. Nisalimie Kinanda, na ajiandae kukusindikiza. Siku hiyo anaruhusiwa kuimba njia nzima. Bibi naye umpe shikamoo yangu, umvutie kiti. Mungu akulinde, akulindie na macho yako na mikono yako hiyo, kila kidole kwa jina lake.

Na ule mfuko wa kushoto, Sista Miwani ana fundi wake hapa karibu, alijitolea kumpelekea aunyooshe. Nimekataa. Nauvaa hivyo hivyo kila siku, watu waulize. Utaufumua mwenyewe ukishapona, uushone upya, na uzi uutunge kwa macho yako.

Wako akupendaye, bila tu yoyote,

Maswali